Je, kuchora kunaweza kumsaidia mgonjwa wa akili aliyerudi nyumbani?

DadaMkubwa, Dodoma

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, aliruhusiwa kutoka hospitali miezi mitatu iliyopita baada ya kulazwa kwa ugonjwa wa skizofrenia, na tangu hapo hajaruka dozi hata moja, kwa sababu mimi na mama tunampa dawa mkononi na kumsubiri ameze. Sauti alizokuwa akizisikia zimepungua sana. Kinachotuumiza sasa ni ukimya: anaamka saa nne, anakaa barazani hadi jua linazama, hasemi neno mpaka aulizwe, na marafiki waliokuwa wakija kumjulia hali wameacha kuja.

Kabla ya kuugua alikuwa akiandika mabango ya maduka na kuchora picha kwenye kuta za saluni. Wiki iliyopita nilimkuta nyuma ya jiko akichora ukutani kwa kipande cha mkaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa zaidi ya mwaka mzima. Habari hiyo ilimfikia bwana mmoja wa mtaani kwetu anayejiita mtaalamu wa tiba ya sanaa. Alikuja nyumbani, akatueleza kwamba anaweza kuzisoma picha za mgonjwa na kutambua chanzo cha ugonjwa, kwamba malipo yake ni shilingi 40,000 kwa kila kikao, na kwamba baada ya vikao kadhaa dawa za hospitali hazitahitajika tena. Mama anataka kuuza mbuzi. Naomba kuuliza: tiba hii ipo kweli? Inaweza kuchukua nafasi ya dawa? Na kama hatuna fedha za kumlipa mtu, je, kuna tunachoweza kukifanya wenyewe?

MuuguziMstaafu

Marahaba, mwanangu. Mbuzi wa mama asiuzwe.

Nimefanya kazi katika wodi za afya ya akili kwa miaka mingi, na nitaanza na hilo la dawa, kwa kuwa ndilo lenye hatari. Hakuna mchoro wala wimbo unaochukua nafasi ya dawa za skizofrenia, na mtu yeyote anayekuahidi kwamba zitaachwa baada ya vikao kadhaa anakuelekeza kwenye njia ambayo wagonjwa wengi wameipita wakaishia kulazwa upya. Tiba ya sanaa ipo, na ni taaluma inayosomewa, lakini huenda sambamba na dawa. Ukimya unaoueleza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Sisi huziita dalili hasi: kukosa hamu, kujitenga, maneno kupungua, uso usioonyesha hisia. Dawa huzinyamazisha sauti kwa kiasi kikubwa, ila kwa dalili hizi nguvu yake ni ndogo, na hapo ndipo kazi za mikono, mazungumzo na shughuli za utengamao zinapopata nafasi. Kwa hiyo mkaa ule wa nyuma ya jiko ni habari njema, na msimgombeze kwa kuchafua ukuta.

Sasa kuhusu kufanya wenyewe. Tafuteni karatasi za manila au hata upande wa pili wa kalenda za zamani, pamoja na krayoni nene, chaki au mkaa uleule anaoupenda. Nasema nene kwa sababu dawa kama haloperidoli zinaweza kuifanya mikono itetemeke na viungo vikakamae, na vidonge vinavyotolewa kupunguza madhara hayo vinaweza kumtia mgonjwa ukungu machoni anapotazama kitu cha karibu. Mtu aliyekuwa fundi wa mabango akipewa penseli nyembamba na kuona mstari wake unayumba, ataona aibu na kuiweka chini. Krayoni nene na karatasi kubwa humsitiri. Rangi za mafuta zenye harufu kali zisitumike ndani ya chumba kisichopitisha hewa, na kwa sasa wembe na visu vya kukatia visiachwe karibu naye.

Muda uwe mfupi na uwe uleule kila mara, tuseme nusu saa baada ya chai, siku mbili au tatu kwa wiki. Kaa naye, nawe uchore chako, hata kama hujui kuchora. Kwa kweli ni afadhali usijue. Karatasi nyeupe tupu humtisha mtu, hivyo unaweza kumchorea duara moja kubwa na kumwachia alijaze atakavyo. Usimwambie achore ugonjwa wake, wala siku aliyopelekwa hospitali, kwa kuwa kumbukumbu za namna hiyo zikifunguliwa pasipo mtu aliyefunzwa kuzipokea zinaweza kumzidi nguvu. Akimaliza, usisifu wala usikosoe. Muulize tu: “Unaweza kunieleza kuhusu hii?” Asipotaka kusema, basi. Andika tarehe nyuma ya picha na uiweke kwenye bahasha kubwa. Picha hizo ni mali yake, hazioneshwi wageni wala hazirushwi kwenye kundi la familia la WhatsApp bila ridhaa yake.

Msomaji wa Leicester

Naunga mkono maneno ya Mama Muuguzi, nami niongeze upande wa huku Uingereza, ambako ninafanya kazi katika makazi ya watu wenye matatizo ya akili na ninawaona watibabu wa sanaa wakija kila wiki.

Jina lenyewe lilianzia huku. Mchoraji Adrian Hill alikuwa akiuguzwa kifua kikuu huko Sussex mwaka 1938, akawa anachora kitandani, akaona kwamba kuchora kunamwondolea uzito wa kulala siku nzima, na mwaka 1942 akautumia msemo wa tiba ya sanaa. Mwaka 1946 Edward Adamson aliajiriwa katika hospitali ya akili ya Netherne, Surrey, na kinachonivutia katika habari zake ni kwamba hakuwafasiria wagonjwa picha zao. Aliwapa mahali, rangi na utulivu, akawa nao. Linganisheni hilo na huyo bwana wa mtaani anayedai kuzisoma picha na kutaja chanzo cha ugonjwa. Hiyo ni ramli, tofauti ni kwamba badala ya mchanga anatumia karatasi. Huku mtu hawezi kujiita mtibabu wa sanaa mpaka awe na shahada ya uzamili na jina lake liwe kwenye daftari la HCPC, chombo kinachosimamia taaluma hizo kisheria, na Afrika Kusini pia wana daftari rasmi la watibabu wa namna hii. Muulizeni alisomea wapi na amesajiliwa na nani.

Ni haki vilevile msielezwe mazuri pekee. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika hapa kwa watu 417 wenye skizofrenia, ambamo baadhi yao walipangiwa kikao cha pamoja cha sanaa kila wiki kwa takriban mwaka mmoja. Mwishoni hawakuonekana kuwazidi wale waliopata huduma za kawaida peke yake, ingawa wengi waliopangiwa vikao hawakuvihudhuria inavyotakiwa. Pamoja na hayo, mwongozo wa kitaifa wa matibabu uliotolewa mwaka 2014 bado unawashauri madaktari wafikirie kuwapa wagonjwa tiba za sanaa, hasa kwa dalili hizohizo za ukimya na kujitenga. Mimi naelewa hivi: kumpangia sanaa mtu ambaye hakuiomba ni jambo moja, na kumpa karatasi mtu aliyeokota mkaa kwa hiari yake ni jambo jingine.

Baba Mwanaidi, Tanga

Kwa heshima, mimi naona tunalipa jina kubwa jambo dogo. Marehemu shangazi yangu alifiwa na watoto wawili kwa mfululizo, akawa hali wala halali. Wanawake wenzake hawakumpa mawaidha. Walikuwa wakija alasiri na miyaa yao, wanakaa mkekani, wanasuka ukili, naye wakamwekea fungu lake pembeni. Ilipita kama miezi miwili kabla hajalishika. Hakuna aliyemwambia kwamba anatibiwa. Kama huyo kijana alikuwa fundi wa mabango, mtafutieni bango aandike.

MuuguziMstaafu

Baba Mwanaidi, la ukili nimelipenda, na lile la kumwekea fungu bila kumlazimisha ndilo hasa nililokuwa nikilitafutia maneno. Lakini msiba na skizofrenia si kitu kimoja. Bango lina mwenye duka, lina bei na lina siku ya kukabidhiwa, na kijana akishindwa kulimaliza, atahesabu kushindwa huko juu ya mengine. Kazi ya malipo itakuja. Kwa sasa aanze na karatasi isiyodaiwa na mtu.

DadaMkubwa, Dodoma

Nawashukuru sana, na shikamoo Baba Mwanaidi. Nilipomuuliza yule bwana alikosomea, alikasirika na hajarudi. Mbuzi wa mama bado yupo.

Tumeshakaa mara nne. Mara mbili za kwanza nilichora peke yangu huku yeye akitazama barabarani. Mara ya tatu alicheka, kwa sababu kuku wangu alikuwa na miguu mitatu, akachukua krayoni na kumrekebisha. Jana alichora herufi kubwa za bango, A hadi F, kisha akaacha kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Nina swali moja lililobaki: kama siku moja akichora kitu cha kutisha, kwa mfano mtu aliyejinyonga, nifanyeje? Nikimuuliza, je, sitakuwa ninamtia wazo hilo kichwani?

MuuguziMstaafu

Hapana, mwanangu, kumuuliza mtu waziwazi kama ana mawazo ya kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi humpa nafuu kwamba amepata wa kumwambia. Usiifasiri picha, kwa sababu inaweza kuwa ni kitu alichokiona kwenye filamu. Muulize kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. Akikubali kwamba anayo mawazo hayo, asiachwe peke yake, dawa zote zifungiwe, na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Kuhusu mkono unaotetemeka, mwende na karatasi ile ya herufi kliniki, akikubali, mkamwoneshe daktari pale mistari ilipoanza kuyumba. Mwambieni pia anakunywa dozi saa ngapi na anachora saa ngapi. Dozi inaweza kuangaliwa upya, au dawa ikabadilishwa, lakini msiipunguze wenyewe.