Naomba podikasti kali za mauaji ya kweli, nipo foleni Tunduma

Tela Refu
Habari za usiku wakuu. Nipo foleni Tunduma siku ya tatu, mzigo wa Lubumbashi, utingo wangu anakoroma kama jenereta la harusi. Nitajieni podikasti za mauaji ya kweli, zile ambazo mwandishi anaichimba kesi iliyokufa mpaka inafufuka. Serial nimemaliza, vipande vyote 12 vya msimu wa kwanza. Kiingereza kisiwe cha kukimbizana. Na kama kuna anayejua zinavyotengenezwa, sauti zinaungwaje, muziki unaingizwaje, anidokeze. Natanguliza shukrani.

Binti Ruvu
Casefile. Msimulizi ni Mwaustralia asiyetaja jina lake, yupo hewani tangu 2016, anasoma taratibu kama anasoma wosia. Hachekicheki. Mimi nililala na taa wiki nzima, mume wangu akaanza kuuliza luku inakwenda wapi.

Mzee wa Kimara
Kijana, usiku wote huo unasikiliza watu wanavyouana? Sisi tuliendesha Scania na kanda moja ya dansi kwenda na kurudi, na akili zetu ziko salama mpaka leo.

Sungura Mjanja
Salama kiasi cha kubishana na watoto mtandaoni saa saba usiku, shikamoo mzee.

Fundi Redio
In the Dark, msimu wa pili, 2018. Curtis Flowers wa Winona, Mississippi, alishtakiwa mara SITA kwa mauaji yale yale ya watu 4 kwenye duka la fanicha mwaka 1996. Mwendesha mashtaka yule yule kila mara. Madeleine Baran na wenzake walihamia huko karibu mwaka mzima, wakapekua makabrasha, wakagonga milango. Shahidi mkubwa, mfungwa, akawaambia mwenyewe kwa simu kwamba aliongopa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu kwa kura 7 kwa 2, kwa jinsi watu weusi walivyoenguliwa kwenye baraza la wazee wa mahakama. Septemba 2020 mashtaka yakafutwa kabisa. Jamaa alishakaa ndani karibu miaka 23.

Mama Kandili
Mimi za damu siwezi. Nilisikiliza The Missing Cryptoqueen ya BBC, yule Ruja Ignatova wa OneCoin, ile sarafu feki ya mtandaoni, aliyepanda ndege Sofia kwenda Athens Oktoba 2017 na hajaonekana tena. Wale watangazaji walifika mpaka Uganda kwa watu waliotapeliwa. Nililia, maana na mimi niliwahi kuweka hela ya cherehani tatu kwenye upatu wa "panda mbegu". Aliyeniingiza alikuwa mwanakwaya mwenzangu, sauti ya pili. Mpaka leo tunasimama mstari mmoja na hatusalimiani. Juzi kwenye mazishi tumeimba wimbo mzima tumegeuziana...

Fundi Redio
Pole mama. Mleta uzi, swali. Msikilizaji wa kawaida haulizi muziki unaingizwaje. Una kesi gani mkononi?

Tela Refu
Nauliza tu mkuu, kupanua akili.

Fundi Redio
Sawa. Kinasa sauti unatumia kipi?

Tela Refu
Simu tu. Ila nimenunua kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola.

Sungura Mjanja
Kupanua akili kwa kipaza sauti cha kola. Endelea baba, nimeshachemsha karanga.

Tela Refu
Haya. Shangazi yangu alikutwa kisimani mwaka 2003, kijijini kwetu, Korogwe ndani ndani. Ikasemwa aliteleza akichota maji usiku. Lakini ndoo yake ilikutwa jikoni, imefunikwa kwenye kichanja, kavu. Bibi aliisema ndoo hiyo mpaka anakufa. Nani anakwenda kisimani bila ndoo? Nimetengeneza kipande cha kwanza, dakika 34. Kinatoka Ijumaa saa mbili usiku, nembo nimeshachorewa. Nilitaka tu kujua wenzetu wanaanzaje.

Binti Ruvu
Mungu wangu. Umeongea na nani humo ndani?

Tela Refu
Na mume wake.

Binti Ruvu
Anajua anarekodiwa?

Tela Refu
Angejua asingeongea. Nilimkuta Jumamosi anamenya karanga, nikakaa naye. Na jina sijamtaja popote, nimesema "mzee mmoja".

Wakili wa Kijiweni
"Mzee mmoja" ambaye mkewe alikufa kisimani 2003. Kijiji chenu kina visima vingapi na wajane wa kiume wangapi? Hapo jina limeshatajwa. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Halafu sikiliza The Teacher's Pet. Lynette Dawson alitoweka Sydney Januari 1982, podikasti ikatoka 2018, mume akakamatwa Desemba ile ile. Unadhani mambo yalikwenda mteremko? Ilibidi iondolewe hewani kule kwao Australia, kesi ikasimamishwa miezi kadhaa kwa ajili ya kelele zake, mwishowe ikasikilizwa na jaji peke yake kwa sababu nani hajasikia? Alitiwa hatiani 2022. Ilibaki kidogo mtangazaji amwokoe mtuhumiwa wake mwenyewe.

Tela Refu
Sasa si alifungwa? Bila podikasti angekuwa anakula pensheni.

Mama Kandili
Mwanangu, huyo mzee ni nani kwako hasa? Ukiacha kuwa mume wa shangazi.

Tela Refu
Alinilea tangu nina miaka 9. Ada ya sekondari alilipa yeye. Leseni ya magari makubwa alilipa yeye.

Mzee wa Kimara
Laa haula. Unamtegea mzee wako kinasa sauti huku unakula karanga zake?

Tela Refu
Mzee, na shangazi je? Yeye hakuwa wa mtu?

Kinyonga Mkavu
Samahani kuwakatisha kilio. Hii ni chai, tena haina hata tangawizi. Leo Jumanne. Foleni siku ya tatu, maana yake alifika Tunduma Jumapili. Jumamosi yupo Korogwe anamenya karanga. Zaidi ya kilomita elfu moja na tela lenye mzigo, akapitia na Dar kupakia. Lori au ungo?

Sungura Mjanja
Jamani karanga zangu nimezichemsha bure.

Tela Refu
Jumamosi ya wiki ILE, siyo hii. Hamsomi.

Kinyonga Mkavu
Uliandika "Jumamosi". Na wewe unataka kuchunguza kesi.

Binti Ruvu
Hapo kakupata.

Konda Mstaafu
Mimi nipo foleni hiyo hiyo, na kweli haisogei. Mleta uzi, mbele yako kuna gari la aina gani?

Tela Refu
Tangi la mafuta. Nyuma ya lile kuna mama anauza chai ya maziwa kwenye ndoo ya bluu, ana tochi kichwani.

Konda Mstaafu
Mama yupo. Nimetoka kunywa sasa hivi. Huyu yupo Tunduma, hayo ya kisimani siyajui.

Kinyonga Mkavu
Basi ni chai ya maziwa.

Fundi Redio
Iwe chai, isiwe chai, nijibu kimoja. Ulimuuliza mzee habari za ndoo?

Tela Refu
Nilimuuliza. Unasikia karanga zinapasuka, kwa, kwa, halafu zinanyamaza. Sekunde 11 kimya. Kisha anasema, "Ongeza kuni hapo." Ndipo nilipoweka muziki, ule mzito wa chini chini. Ndiyo mwisho wa kipande.

Fundi Redio
Uondoe muziki uisikilize tena. Mzee amenyamaza tu. Kinachosema "huyu ndiye" ni muziki, na muziki umeuweka wewe. Baran alikaa karibu mwaka mzima, wewe umekaa sinia moja la karanga. Polisi waliofika 2003 umewatafuta? Aliyeikuta ile ndoo yu hai?

Tela Refu
Aliyeikuta ni mama. Sijamuuliza.

Mama Kandili
Mama yako mzazi yupo hai, na hujamuuliza?

Tela Refu
Foleni inasogea, narudi.

Sungura Mjanja
Foleni ya Tunduma imesogea ghafla saa tisa usiku. Miujiza.

Konda Mstaafu
Haijasogea.

Tela Refu
Nimerudi. Ijumaa nimeahirisha. Sijasema nimefuta, msininukuu vibaya. Naanza hiyo In the Dark.

Binti Ruvu
Fundi, nami nimeianza. Hao watu wanne wa duka la fanicha, sasa muuaji alikuwa nani?

Fundi Redio
Hakuna mwingine aliyehukumiwa mpaka leo.