Sodiamu huwaka majini, klorini ni sumu: mbona chumvi ya Uvinza tunaila?

Binti wa Kasulu
Shikamooni walimu. Niko kidato cha pili, na tumeanza mada ya namna metali zinavyoungana na elementi zisizo metali. Tumefundishwa kuwa sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu na kuwaka ikitiwa majini, na kwamba klorini ni gesi ya kijani-njano yenye sumu. Bibi husimulia kwamba zamani watu walichemsha maji ya chemchemi za Uvinza kwenye vyungu vya udongo mpaka chumvi ikabaki. Je, moto ule ndio uliounganisha sodiamu na klorini? Na ile sumu ilikwenda wapi?

Mwalimu wa Ujiji
Marahaba, mwanangu. Moto ule haukuunganisha kitu. Kazi yake ilikuwa kuyaondoa maji tu. Katika maji ya Uvinza hamna metali ya sodiamu wala gesi ya klorini, bali mna ioni zake, yaani atomu zilizokwisha kutoa au kupokea elektroni. Elektroni 11 za sodiamu zimepangwa 2, 8, 1, na zile 17 za klorini zimepangwa 2, 8, 7. Zinapokutana, elektroni moja ya nje ya sodiamu huhamia kwa klorini, na kila upande hubaki na tabaka la nje lenye elektroni 8. Sodiamu inakuwa na chaji chanya, klorini chaji hasi, nazo huvutana. Mvutano huo ndio muungano wenyewe. Klorini hudhuru kwa sababu huzipokonya elektroni chembe za mwili, ila ioni ya kloridi imekwisha kupata yake, haina haja ya kupokonya tena.

Itazame punje ya chumvi kwa lenzi, utaona kijisanduku chenye pembe za mraba, kwa kuwa ndani yake kila ioni imezungukwa na sita za chaji nyingine.

Fundi umeme, Tabora
Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini chumvi kavu haipitishi umeme ilhali maji ya chumvi hupitisha: katika punje ioni zimebanwa mahali pake, na majini zinatembea. Bila maji, itabidi uiyeyushe kwa nyuzi 801 za Selsiasi.

Mkemia wa Mwanga
Naongeza jambo ambalo wengi hulikosea. Husemwa kwamba sodiamu "inapenda" kutoa elektroni, lakini kuing'oa kunagharimu kilojuli 496 kwa kila moli, na klorini ikiipokea hurudisha 349 tu, kwa hiyo biashara ingeishia kwenye hasara. Faida hutoka pale ioni zinapojipanga pamoja kuwa punje, ambapo kilojuli 787 hivi hutolewa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ni mvutano wa punje nzima unaoibeba kampaundi hii, wala si ukarimu wa atomu moja.

Binti wa Kasulu
Nashukuru sana. Basi magnesiamu, yenye 2, 8, 2, itahitaji atomu mbili za klorini?

Mwalimu wa Ujiji
Naam, mbili. Ikikutana na oksijeni, yenye 2, 6, moja inatosha, na ndiyo ile poda nyeupe inayobaki utepe wa magnesiamu ukiungua maabara.