Mama anakuja Osaka, nimpeleke Takarazuka? Naomba ushauri wenu

Binti_Mwalimu (mleta uzi):
Habari zenu wana jukwaa. Nipo Osaka kimasomo, mwaka wa pili huu. Mama anakuja kunitembelea wiki mbili. Amefundisha historia sekondari hadi kustaafu, na Mapinduzi ya Ufaransa anayasimulia kana kwamba alikuwepo. Natamani kumpeleka Takarazuka, kwenye lile jumba la michezo ya kuigiza yenye nyimbo, ambako waigizaji wote ni wanawake, hata wanaoigiza akina Napoleon na Robespierre. Mimi niliingia mara moja tu, nikatoka nalia, na maneno sikuelewa hata nusu.

Nina hofu mbili. Kijapani mama hajui, na kukaa pale ni kama saa tatu pamoja na mapumziko. Halafu hapendi kabisa historia ichezewe. Nilipomwambia kwa simu kwamba hata wanaume wanaigizwa na wanawake, alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani wanaume wa huko wamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nimpeleke, au twende zetu kwenye ngome ya Himeji?

Mkazi_wa_Kansai:
Mpeleke, dada. Na somo lianzie kwenye treni. Mkipanda Hankyu pale Umeda mnakwenda hadi mji wa Takarazuka, na njia hiyohiyo ndiyo iliyozaa kundi. Kobayashi Ichizo alikuwa mwenye reli, akataka abiria wawe na sababu ya kusafiri hadi mwisho wa njia. Mwaka 1913 akakusanya wasichana wa kuimba, na onyesho la kwanza likafanyika 1914 kwenye ukumbi uliokuwa bwawa la kuogelea. Leo jumba lina viti zaidi ya 2,500. Mwalimu wa historia hawezi kukosa cha kuuliza hapo.

Nyuma_ya_Pazia:
Swali la bi mkubwa kuhusu wanaume ni zuri, lijibiwe kwa heshima. Mwaka 1629 serikali ya Japani ilipiga marufuku wanawake kwenye kabuki, maigizo ya jadi ya huku, na tangu hapo wanaume ndio wanaoigiza wanawake humo. Takarazuka iligeuza meza.

Tena si suala la kuvaa suruali na kukata nywele. Kuna shule yao ya miaka miwili, inachukua wasichana kama 40 kwa mwaka. Humo ndimo msichana anapoingia upande wa otokoyaku, waigizao wanaume, au musumeyaku, waigizao wanawake, na urefu wake una uzito mkubwa katika uamuzi huo. Kisha miaka na miaka ya kujifunza kutembea, kuketi, kushusha sauti hadi kifuani. Mwambie asimtafute mwanaume wa mtaani pale, hatamwona. Aangalie mabega na mikono. Napoleon wa Kundi la Nyota (Takarazuka ina makundi kadhaa ndani yake) mwaka 2014 aliigizwa na Yuzuki Reon, nami nilimwangalia nikasahau kabisa kuuliza ni mwanamke au mwanamume.

Kumbukumbu_Hai:
Mimi nasema Himeji. Namjua mwalimu wa aina hiyo, nimelelewa na mmoja. *Waridi la Versailles*, mchezo wao mashuhuri tangu 1974, una Oscar, mwanamke aliyelelewa kama mwanaume akawa afisa wa walinzi wa Marie Antoinette. Hakuwahi kuwepo! Ametoka kwenye kitabu cha katuni cha Ikeda Riyoko. Nako kwenye *Elisabeth*, malkia wa Austria anapendwa na Kifo, na Kifo mwenyewe anaimba. Mama atakunja uso hadi taa ziwake.

Nyuma_ya_Pazia:
Ndugu, Oscar ni wa kutunga, ila Fersen, anayempenda Marie Antoinette kwenye mchezo huohuo, ni mtu kweli, kabaila wa Sweden. Usiku wa 20 Juni 1791 aliendesha gari la farasi lililoitorosha familia ya mfalme kutoka Paris. Tarehe hiyohiyo, 20 Juni 1810, umati ulimpiga hadi kumuua Stockholm, ukimshuku kwamba amemwekea sumu mrithi wa kiti. Na Elisabeth aliuawa Geneva mwaka 1898 kwa tupa iliyonolewa. Muuaji, Lucheni, ndiye msimulizi wa mchezo.

Kitu kingine. *Elisabeth* ulipotungwa Vienna mwaka 1992, kitovu chake kilikuwa malkia. Kundi la Theluji lilipouigiza 1996, Kifo akawa mhusika mkuu, kwa sababu nyota wa kundi ni otokoyaku. Yaani jukwaa la wanawake watupu, na bado mwanaume ndiye anayekaa katikati. Hilo linaniuma, lakini siachi kwenda. Ningelipa nauli kumsikia mwalimu akilijadili.

Mkazi_wa_Kansai:
Kuhusu lugha, msimulie kisa chote jana yake, mtu kwa mtu. Mkodishie darubini pale ukumbini. Na mkiwa na bahati ya mchezo unaofuatwa na dansi, pale wanaposhuka ile ngazi kubwa yenye vidato 26 na manyoya mgongoni, hakuna tafsiri inayohitajika.

Binti_Mwalimu:
Nimemsomea mama uzi wote kwa simu. Ya Oscar aliguna tu. Ya Fersen akanisimamisha, akaenda kutafuta kitabu chake, akarudi akasema tarehe ni sahihi. Sasa anataka kujua kama taa za ukumbini zitamwezesha kuandika kwenye daftari.

Mkazi_wa_Kansai:
Ni giza. Aandike wakati wa mapumziko, ni kama nusu saa. Na kata tiketi mapema, dada, huwa zinawahi kuisha.