Ushauri: nimepewa vijana tisa wa kanisa, Jumamosi nimekwama mbele yao

Mwana_Kadutu:
Shalom wapendwa. Niko Bukavu, mashariki ya Kongo, huku Kadutu. Kanisa letu ni dogo, vijana wanaokuja Jumamosi saa tisa ni tisa tu. Mdogo ana miaka 13, mkubwa anamaliza sekondari mwaka huu. Mwalimu wao alihamia Uvira, papa mchungaji akanigeukia mimi.

Nilijitayarisha Ijumaa usiku, umeme hakuna, simu inakaribia kuzima. Nikaandika kurasa sita juu ya Yona, yule nabii aliyekasirika Mungu aliposamehe mji wa Ninawi, sura zote nne. Kesho yake nikasema dakika 50. Wawili walikuwa kwenye simu, mmoja alilala kabisa. Nilipouliza kama kuna swali, binti wa miaka 15 akanyoosha mkono: “Yaya, Yona alikosa nini kukasirika? Wale wa Ninawi si walikuwa wauaji? Mungu anawasamehe hivyo hivyo tu?”

Nikasema tuinamishe vichwa, tuombe.

Kwetu huku swali hilo si la kitabuni tu, mnanielewa. Nijitayarishe namna gani?

Fundi_wa_Bagira:
Pole yaya. Hata mimi nimewahi kukimbilia maombi hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Kurasa sita ndizo zilizokukwamisha. Yona ina mistari 48, inatosha Jumamosi nne. Usingoje Ijumaa. Jumatatu soma sura moja kwa sauti, basi. Jumanne isome tena ukijiuliza yule wa miaka 13 atashangaa wapi. Halafu tembea nayo, ukipanda mlima na ndoo au ukingoja taksi. Ijumaa uandike nusu ukurasa: jambo moja unalotaka walibebe nyumbani, na maswali matatu. Maswali yenyewe yasiwe ya kujibiwa “Yesu”, maana vijana wa kanisa wakiulizwa lolote hujibu “Yesu” na kurudi kwenye simu. Uliza hivi: Yona alipotoka nje ya mji akajijengea kibanda upande wa mashariki, alikuwa anangoja kuona nini?

Sasa huyo binti. Amesoma vizuri kuliko wewe na mimi. Ninawi ulikuwa mji wa Ashuru, na Ashuru ndio waliouangusha ufalme wa Israeli mwaka 722 kabla ya Kristo, wakahamisha watu. Nabii Nahumu anauita Ninawi mji wa damu. Kwa hiyo hasira ya Yona ina sababu, usiifiche ili umtetee Mungu. Angalia pia kitabu kinavyoisha: Mungu anamuuliza Yona kama asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Jibu la Yona halikuandikwa. Kitabu kimeishia kwenye swali, wewe ulitaka kulifunga kwa amina.

Rudi umwambie: “Swali lako lilinishinda.” Halafu wasome sura ya 4 peke yake, wabishane. Ila kama kuna aliyefiwa na watu wake, asilazimishwe kusema.

Mtumishi77:
Mnasahau kufunga na kuomba. Roho ndiye anafundisha, hizi mbinu ni za shule.

Fundi_wa_Bagira:
Funga, ndugu yangu. Lakini Jumatano uwe umesoma.

MamaKorale_Ibanda:
😂 Mwanangu, angalia pia wanasoma Biblia gani. Kwangu nusu wana ile ya Kiswahili, nusu ya Kifaransa, Louis Segond. Kwenye Yona 4, pale pa mmea uliompa Yona kivuli, hawa wakasoma “mtango”, wale wakasoma “ricin”, yaani mbarika. Kelele! Kwanza niliona aibu, kumbe ndiyo siku walifungua Biblia wenyewe. Neno la Kiebrania halieleweki vizuri, watafsiri walikisia. Tangu siku hiyo nasoma zote mbili mapema, nione zinapotofautiana.

Na hao wa simu wape kazi ya kutafuta mistari.

Motari_Nguba:
Mimi si mwalimu, ni mzazi. Malizeni saa kumi na nusu, giza lisimkute mtoto njiani. Usibaki na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, hata akiomba kuombewa. Kaeni uani, mahali mnapoonekana. Na mvua ikipiga mabati hawatasikia neno, uwe na makaratasi waandike.

Mwana_Kadutu:
Aksanti sana wote. Nimerudi kutoa habari.

Nilileta nusu ukurasa na sura ya 4 tu. Nikamwambia binti swali lake lilinishinda. Akacheka, akasema alijua. Kijana anayelalaga alisema Yona ana haki, mkubwa wao akakataa, yule wa miaka 13 akauliza wanyama wanaingiaje katika hesabu ya Mungu. Hapo nilikaa kimya, sikuwa na la kusema. Binti mwenyewe hakuongea tena mpaka mwisho, akaniambia mlangoni: “Mimi bado niko na Yona.”

Mvua ilitukuta, motari. Makaratasi sikuwa nayo.

MamaKorale_Ibanda:
Huyo binti usimharakishe. Na wale wa simu?

Mwana_Kadutu:
Mmoja alitafuta mistari. Mwingine simu ilizimika.