Maegesho ya bure yatarudisha wateja mjini? Naombeni ushauri kabla sijatia sahihi

Binti Mapazia (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, maana Jumatatu natakiwa kutia sahihi barua na moyo wangu haujatulia.

Nina duka la vitambaa na mapazia hapa Tanga, katikati ya mji. Alilianzisha marehemu mama, mimi nimelishika mwaka wa kumi na moja huu. Wenyeji mnaujua mji wetu. Stendi ilipohamia Kange, yule abiria wa Korogwe au Handeni aliyekuwa anashuka na kupitia madukani kabla ya kurudi kwao, siku hizi anamaliza shida zake hukohuko au hafiki kabisa. Wengine wanaagiza Kariakoo kwa simu, mzigo unakuja na basi. Mtaa wangu ulikuwa na maduka tisa ya nguo na vitambaa, tumebaki matano. Mlango wa jirani yangu wa kushoto una kufuli lililoshika kutu tangu mfungo wa mwaka jana.

Sasa wafanyabiashara wa mtaa tumekaa kikao. Wenzangu wanasema kinachotufukuzia wateja ni ushuru wa maegesho. Mteja hajazima hata injini, kijana wa paking keshapiga picha namba ya gari. Ameingia kununua kitambaa cha mita mbili, anatoka ana deni. Barua inaomba maegesho yawe bure mjini kote, siku zote. Ningetia sahihi palepale kama si mteja mmoja.

Alhamisi alikuja mama kutoka Pangani. Anaoza binti, na alishanipigia simu kwamba anataka mapazia ya nyumba nzima. Nilimwona kwa macho yangu akipita na gari mbele ya duka, polepole, anatafuta pa kusimama. Akazunguka, akapita tena. Mara ya tatu akasimama katikati ya barabara, akashusha kioo: "Mwanangu, nimekosa pa kuweka gari, nitarudi siku nyingine." Nyuma yake bajaji zinapiga honi. Akaondoka.

Huyu ushuru hakuufikia hata kidogo. Ndiyo najiuliza, kama nafasi zimejaa watu wakiwa wanalipa, zikiwa bure itakuwaje? Au nawasaliti wenzangu? Naombeni mawazo, hasa mliowahi kuona jambo hili likijaribiwa mahali.

Kaka wa Ngamiani

Pole na majukumu dada. Mimi nasema tia sahihi. Ushuru ukiwa mdogo kiasi gani, kinachomkera mtu ni kule kuviziwa. Nilisimama dakika tatu kununua dawa ya mtoto, wiki mbili baadaye naambiwa nadaiwa. Tangu siku hiyo dawa nanunua duka la mtaani kwetu hata likiwa na bei ya juu. Na niko mmoja tu, wako wangapi kama mimi?

Nuru wa Makorora

Naunga mkono hapo juu. Mji umepoa, kila kinachomkwaza mteja kiondoke.

Mzee wa Mkonge

Binti yangu, mimi nimeuona mji huu tangu mkonge ukiwa dhahabu, treni zikishusha marobota bandarini usiku na mchana. Maduka yalikuwa hayana pa kukanyaga, na wenye magari tulikuwa tunawahesabu kwa vidole. Watu walikuja kwa baiskeli na kwa miguu. Mpaka leo Tanga ni mji wa baiskeli.

Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, kaa mlangoni siku moja uhesabu. Andika kila anayeingia dukani kaja na nini. Tena hesabu na magari yaliyosimama pale mbele, ujue yapi yanaondoka na yapi yanashinda. Barua ya kukisia haiendi mbali.

Binti Mapazia

Shikamoo mzee. Nimekusikia. Kesho Ijumaa naanza, na Jumamosi naendelea.

Nilishika Mashine

Dada, mimi nilifanya kazi ya kukusanya ushuru wa paking miaka mitatu, mji mwingine si Tanga. Nitakwambia ninachokijua.

Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nazijua namba za magari kama majina ya ndugu zangu. Saa moja na nusu asubuhi nafika, nafasi nzuri zote zimeshachukuliwa, na wanunuzi bado wamelala. Waliozichukua ni wenye maduka, wafanyakazi wa ofisi za ghorofani, na madereva wa mabosi. Gari linawekwa karatasi ya rangi ya fedha kwenye kioo kuzuia jua, linatoka jioni. Ukiona gari lina majani ya mwarobaini juu ya boneti saa nane mchana, jua halijasogea tangu asubuhi. Mteja anakuja saa nne, anakuta ukuta wa mabati. Analaumu ushuru kwa sababu mimi ndiye anayeniona nimesimama pale na mashine.

Na kuna siku mtandao ulikuwa unagoma, hatutozi mtu. Hizo siku ndizo mtaa ulikuwa unajaa mapema zaidi. Hata waliozoea kuja na daladala siku hiyo wanatoka na gari.

Mkaazi wa Jiji, Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Huku mjini kati gari dogo linalipa shilingi 300 kwa siku, iwe umekaa dakika kumi au saa kumi. Tazama hilo linafanya nini. Aliyekuja kuchukua miwani aliyotengenezewa analipa sawa na wakili anayeacha gari tangu asubuhi hadi giza. Wakili anaona rahisi, wa miwani anaona ameonewa. Ada ya siku nzima inamlinda anayekaa na kumwadhibu anayepita, na anayepita ndiye mnunuzi.

Halafu watu wanasema mall zinashinda mjini kwa sababu ya paking ya bure. Sarit Centre pale Westlands iko tangu 1983, wanatoza kwa saa na watu wanajazana. Mtu analipa akijua atapata nafasi, gari litakuwa salama na hakuna wa kumfungia gurudumu. Kwa hiyo dada, mimi ningeuliza unalipia nini, kabla ya kuuliza unalipa ngapi.

Kaka wa Ngamiani

Mkuu wa Nairobi, usilinganishe mall ya Westlands na mtaa wetu. Huku mtu akiona amebakiwa na elfu kumi, hata mia tano anaipigia hesabu.

Mkaazi wa Jiji, Nairobi

Kweli kaka, hapo umenena. Ndiyo maana mimi napendelea muda mfupi wa mwanzo uwe bure. Huyo wa elfu kumi hatakaa saa tatu.

Mswahili wa Midlands

Nimefurahi kuuona uzi huu, maana ninakoishi Uingereza swali hili limewasumbua miaka na miaka. Miji yao midogo ina mtaa mmoja mkuu wa maduka, na mingi imedhoofika kweli. Woolworths peke yake ilipoanguka, maduka yake kama 800 yalikuwa yamefungwa yote kufikia Januari 2009. Mwaka 2011 serikali ya David Cameron ilimwomba Mary Portas, mtaalamu wa maduka anayejulikana kwenye televisheni, achunguze. Ripoti yake ya Desemba 2011 ilikuwa na mapendekezo 28, na mojawapo lilikuwa miji ijaribu maegesho ya bure, lakini yenye udhibiti. Hilo neno la mwisho wengi walilisahau.

Wazo lilitokana na wivu kwa maduka makubwa ya nje ya mji. Bluewater, karibu na London, ilifunguliwa 1999 ikiwa na nafasi za magari kama 13,000, zote bure. Lakini imejengwa ndani ya shimo kubwa la machimbo ya chaki, ardhi ilikuwepo ya kumwaga. Katikati ya mji nafasi ya kuongeza utaitoa wapi? Ukifuta bei, nafasi ni zilezile na wanaozigombea wameongezeka.

Nimeliona hilo mwenyewe. Mji ninaoishi hutoa maegesho ya bure Jumamosi za kuelekea Krismasi. Nilifanya kazi duka la viatu pale. Sisi wafanyakazi, ambao siku nyingine tulikuwa tunapaki mbali na kutembea, Jumamosi hizo tulifika mapema tukapaki mbele ya milango. Saa nne wateja wanazunguka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ilikuwa bure, mvua inanyesha, nani atatembea?

Jambo jingine, nilivyoona mimi, yale maduka hayakufa kwa sababu ya paking peke yake. Watu walihamia kununua mtandaoni, kodi ya pango ikawa juu. Mama yule wa Pangani ukimpatia nafasi, hakikisha na mapazia anayoyataka unayo.

Ramani Mezani

Niongeze kidogo, mimi nimesomea mipango miji. Aliyelichimba suala hili kuliko wengi ni Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025. Ushauri wake ulikuwa kwamba bei iwe ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila upande wa mtaa, wakati wote. Yaani zijae kama asilimia 85, zisizidi. Mahali pasipojaa, bei ishuke hata iwe sifuri. Panapojaa, ipande.

Mfano aliopenda kuutaja ni Old Pasadena, mtaa wa kale California uliokuwa umechakaa, majengo mazuri lakini ghorofa za juu tupu. Mita za maegesho, yaani mashine za kulipia paking, ziliwekwa 1993. Wenye maduka walizipinga, wakisema mteja atakimbia. Walikubali walipoahidiwa kwamba fedha zote za mita zitabaki mtaani mwao: njia za miguu, taa, miti, kusafisha vichochoro. Na magari mengi yaliyokuwa yanajaza nafasi za bure yalikuwa ya wafanyakazi wa mtaa huohuo. Mtaa ule ulifufuka.

Sisemi tuige Marekani. Nasema barua yenu isiishie kwenye "tuondoleeni". Ulizeni fedha inayokusanywa mtaani kwenu inarudi vipi. Mtaro ule unaofurika mvua za masika, taa zile zisizowaka, vina uzito kwa mteja kuliko mia chache.

Mama Duka la Dawa

Mimi niko mtaa wa pili kutoka kwako. Usisahau wazee na wajawazito. Mgonjwa anayeshushwa mlangoni anahitaji dakika kumi tu, lakini anazihitaji kweli. Hata mkiamua nini, ombeni nafasi mbili za kushusha na kuondoka, zisikaliwe na mtu.

Nilishika Mashine

Mama amegusa penyewe.

Binti Mapazia

Wakuu, nimerudi. Nimehesabu Ijumaa na Jumamosi, kila nusu saa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Daftari la mauzo limejaa namba za magari.

Mtaa wetu una nafasi kumi na nne. Magari tisa hayakusogea siku nzima, siku zote mbili, yaleyale. Manne ni ya watu wa ofisini. Matano ni yetu sisi wenye maduka, na moja kati ya hayo matano ni Vitz yangu mimi. Huwa naiweka mbele ya kioo changu saa mbili kasoro ili niione nikiwa ndani. Yule mama wa Pangani amepita mara tatu mbele ya gari langu mwenyewe. Nililiona hilo Ijumaa saa sita mchana, kalamu mkononi, nikakaa chini.

Mzee wa Mkonge, ulisema kweli. Walioingia dukani siku mbili ni 41. Saba tu walikuja na gari. Waliobaki ni bajaji, bodaboda, miguu, na tisa baiskeli, wakiziegemeza kwenye nguzo ya jirani aliyefunga kwa sababu hakuna pengine. Lakini nisiwadanganye, wale saba walinunua karibu nusu ya mauzo yote. Mapazia ni mazito, anayepamba nyumba nzima hapandi nayo bodaboda. Kwa hiyo wa gari namhitaji, na wa baiskeli namhitaji pia.

Jana usiku nimewapelekea wenzangu daftari. Kaka mmoja alikasirika, akadhani nimetumwa. Tukafungua ukurasa wa Jumamosi pamoja, akaikuta Noah yake mistari kumi na saba. Akanyamaza, halafu akauliza tutapaki wapi.

Kaka wa Ngamiani

Swali hilohilo nilikuwa nakuja nalo. Mtapaki wapi? Na yule wa dakika tatu kama mimi mmemfikiria?

Binti Mapazia

Tumekufikiria kaka. Barua tumeiandika upya. Tunaomba nusu saa ya kwanza iwe bure kwa kila gari, na baada ya hapo kila saa inayoongezeka ilipiwe, pasiwe na bei nafuu ya kushinda siku nzima. Tunaomba deni lionekane kwa mtu palepale kabla hajaondoka, asije akalisikia baada ya wiki mbili. Nafasi mbili za kushusha wagonjwa karibu na duka la dawa. Vyuma vya kufungia baiskeli. Na tumeomba tuonyeshwe kinachokusanywa mtaani kwetu, kwa sababu mtaro tunauzibua wenyewe kwa jembe.

Sisi watano tumekubaliana kuanza bila kusubiri majibu. Nyuma ya duka la mwenzetu kuna kiwanja cha familia yao chenye ukuta, magari matatu yanaingia. Noah inabaki nyumbani kwake Chumbageni, si mbali. Mimi nitakuja na bajaji. Watu wa ofisini hatuna amri juu yao, ila wawili tumeongea nao na mmoja amesema atatafuta mahali.

Sijui kama jirani yangu wa kushoto atarudi kufungua. Kwenye hesabu zangu sijaona kitu cha kumrudisha haraka.

Mama wa Pangani nimempigia leo. Anakuja Jumatano saa nne, madirisha kumi na moja, anataka rangi ya maziwa kwa sebuleni. Nimemwambia nafasi ya mbele ya kioo itakuwa wazi, nitasimama hapo mwenyewe mpaka afike.