Datsun 160J ya marehemu mzee: nifunge turbo kwenye L20B, nitafute SR20 au nikate bodi niweke 1JZ?

Mtoto wa Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Marehemu mzee ameniachia Datsun 160J, ile Violet. Kutu ipo milangoni na sakafu ya dereva, kwingine bodi haina shida. Sitaki kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Nataka likae chini, tairi pana, taa za Tazara zikiruhusu, wenye Mark II waulize lina nini. Naona njia tatu za injini: L20B ya kabureta, ile ya Datsun ya lita mbili ambayo mzee alisema ndiyo iliyomo, niifunge turbo; SR20DET kamili ya Nissan; au 1JZ-GTE ya Toyota yenye turbo. Fundi wangu anaipigia debe 1JZ. Mnasemaje?

Mzee wa Gerezani
Mdogo wangu, 160J imezaliwa na silinda nne. 1JZ ni sita kwenye mstari mmoja. Utakata bodi mpaka miguuni kwa dereva, rejeta itabanana na grili, na uzito wote utahamia puani. Halafu angalia unauziwa nini. 1JZ nyingi za mjini zimetoka kwenye Brevis. Hizo ni 1JZ-FSE, hazina turbo, na kompresheni yake 11:1 ni kubwa mno kwa kuifungia turbo. Ukiona pampu ya petroli ya presha kubwa imekaa juu ya hedi, aga uondoke.

Dada Spana
Kama unataka gari la kwenda nalo kazini, SR20DET. 1998 cc, bloku ya aluminiamu, turbo ya kiwandani. Kwenye Nissan Silvia ya 1991 ilitoa farasi 205. Wamarekani wameifunga kwenye Datsun 510 wee mpaka basi. Kinachotesa ni waya. Langu lilikaa gereji miezi minne, mitatu yote waya, maana fundi umeme wa kwanza alikata kila asichokielewa. Na namba ya injini ipo kwenye kadi, kwa hiyo ukibadilisha usisahau TRA.

Kabureta Mbili
Mimi ni wa L20B, ila nisikudanganye. Watu wanadhani turbo kwenye kabureta ni kuchomelea manifoldi basi. Kabureta imezoea injini ivute hewa. Ukianza kuisukumia hewa kwa presha, bakuli la petroli likabaki na presha ya nje, petroli inagoma kutoka. Injini inakosa mafuta pale pale unapoikanyagia. Kwa hiyo bakuli lipate presha ile ile ya turbo, na pampu iende nayo: turbo ikiongeza nusu bar, petroli nayo iongezeke nusu bar. Boya la ndani ya bakuli nalo, likiwa la shaba na tupu ndani, linabonyea. Nayajua haya kwa sababu L18 yangu, mdogo wake L20B, ilitoboka pistoni ya nne barabara ya Pugu, nikavutwa na kirikuu hadi Gongo la Mboto, watoto wanashangilia.

Nilivyorudia: pistoni zenye kibakuli kushusha kompresheni, turbo TD04 ya Subaru Forester, presha 0.4 bar, taimingi ya cheche nikairudisha nyuma, na intakula (kipoza hewa) kubwa, maana hewa ya Dar inaingia ikiwa moto tayari. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo liwe nene, lishuke moja kwa moja, liingie sampu (karai la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba utaona moshi wa bluu, utalaumu turbo bure.

Kipofu wa Breki
Mnajadili farasi, 160J nyuma ina breki za dramu. Anzeni na breki jamani.

Mzee wa Gerezani
Breki kweli. Na difu. Ila nipo na Kabureta Mbili. Dereva Shekhar Mehta alichukua Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, kwa gari za ukoo huo huo wa Violet, wala hazikuwa na turbo. Ukiweka 1JZ humo, jina la Datsun libaki la nini?

Dada Spana
Mzee, siku ya foleni ya Buguruni jina halipozi injini. Angalau weka feni ya umeme.

Mtoto wa Tabata
Nimefungua boneti leo, nimesugua bloku kwa brashi ya waya. Imeandikwa L16, yaani lita 1.6. Mzee alikuwa ananiambia ni ya lita mbili miaka yote! Basi L20B yenyewe inabidi kwanza niitafute. Mwenye nayo, hata kama gari limelala uwani na kuku wametagia ndani, anipe taarifa. Breki nimeanza kuzifungua.