Tulianza watu 43, tumebaki 6. Naombeni ushauri kabla hatujasambaratika kabisa

Taa_ya_Njia (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina jambo linaninyima usingizi, nikaona nililete hapa kwa kuwa najua wapo wenye uzoefu. Mwaka jana tulianzisha umoja wa wakazi mtaani kwetu. Kilichotusukuma ni njia ya kutokea kituo cha mabasi. Nguzo za taa zipo, taa haziwaki, na wanaopita pale gizani ni watoto wanaotoka masomo ya jioni na watu wa zamu za usiku. Jirani yetu mmoja alivamiwa akavunjwa mkono. Wiki ileile tukaitisha kikao, wakaja watu 43. Nilihesabu mwenyewe, nikaandika majina na namba kwenye daftari.

Tukachagua kamati, tukafungua kundi la WhatsApp, tukapeleka barua halmashauri. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Kikao cha pili walikuja 27, cha tatu 14. Mwezi uliopita tulikuwa 6, na hao 6 ndio wanaoandika barua, ndio wanaofuatilia, ndio wanaopanga viti na kuvirudisha. Kundi lina watu zaidi ya 100. Nikiweka tangazo la kikao napata vidole gumba vingi, siku yenyewe nakaa naangalia mlango.

La pili ni gumu zaidi. Uchaguzi unakaribia, na mtia nia mmoja wa udiwani amenifuata. Atatupa fulana, atalipia ukumbi, na anasema akipita taa zitawaka. Anachotaka ni tumtambulishe kikaoni na nimpe lile daftari, yaani majina na namba za simu. Wenzangu wawili wanaona ni bahati imetujia. Mimi nasita, ila nikiulizwa kwa nini, maneno yananiishia.

Nifanyeje watu warudi? Na huyu mtia nia nimjibu nini?

Subira_njema

Pole sana dada. Sisi tulifika watu 3 tukafunga, na mpaka leo naumia. Nakaa hapa nisome majibu.

Mzee wa Daftari

Dada, nimefanya kazi hizi za kujitolea miaka mingi, ndani ya chama na nje ya chama. Nikuulize kwanza: kati ya wale 37 walioacha kuja, wangapi umewafuata nyumbani ukawauliza kilichowatoa?

Nauliza kwa sababu umetaja barua, kamati na kundi la simu, lakini hujataja hata mara moja kuketi na mtu. Tangazo kwenye kundi linawataarifu wote na halimwiti yeyote. Mtu akilisoma anasema moyoni, wapo wengine watakwenda. Ukisimama mlangoni kwake ukamtaja kwa jina, hawezi kusema hivyo.

Hili limewahi kupimwa. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio mjini New Haven, Marekani, kwa wapiga kura wapatao 30,000. Kuna waliotumiwa barua za kuwahimiza wakapige kura, kuna waliopigiwa simu, na kuna waliobishiwa hodi wakazungumzishwa ana kwa ana. Matokeo waliyochapisha mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliobishiwa hodi ndio waliojitokeza kupiga kura zaidi, kwa kiasi cha kuonekana. Barua zilisaidia kidogo, simu hawakuona faida yake. Tena hapo ilikuwa kumwomba mtu siku moja tu ya kura. Wewe unamwomba jioni zake.

Sasa namna ya kubisha hodi, maana hapo ndipo wengi tunaharibu. Nilipoanza nilikuwa naenda na maneno yangu yote kichwani. Mama mmoja alinifungulia nusu mlango, mguu mmoja ameuzuia usifunguke zaidi, mtoto mgongoni. Nikamwaga maneno dakika tano. Akasema "sawa, tumesikia", akafunga. Wiki iliyofuata nilirudi na mwenzangu mkongwe. Yeye aliuliza swali moja tu, "Mama, hapa mtaani nini kinakusumbua zaidi?", kisha akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka mimi nikataka kukijaza, akanikanyaga mguu kidogo. Yule mama akaanza kuongea. Mguu ukatoka mlangoni. Mwisho akasema mwenyewe kwamba asubuhi ana nafasi, jioni hana, na kwamba anajua kuandika vizuri. Tangu siku ile ndiye aliyekuwa akinakili kumbukumbu zetu, na vikao vya jioni hakuwahi kuhudhuria hata kimoja.

Kwa hiyo nenda na daftari lako. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Sikiliza kwanza, halafu omba kitu kimoja kidogo chenye siku na saa. "Njoo kikaoni" si kazi. "Alhamisi saa 11 nisindikize kwa mzee wa nyumba ya kona, yeye anakusikiliza wewe kuliko mimi" ni kazi. Na siku moja kabla mkumbushe. Wengi hawaachi kwa kukasirika, wanaacha kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba hawakuja.

Fundi_Nguzo

Mzee amemaliza upande wa watu. Mimi niongelee hiyo barua yenu, maana nadhani nayo imewavunja moyo.

"Taa haziwaki" ni lalamiko ambalo ofisi inaweza kulipokea miaka 10. Nguzo nyingi zina namba zake. Tokeni watu 8 usiku mmoja, wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha njia. Andikeni nguzo ipi taa imeungua, ipi haina taa kabisa, ipi waya umekatika, ipi inawaka. Picha na tarehe kwa kila moja. Ile isiyo na namba, pimeni kwa hatua kutoka nguzo ya jirani. Kisha ulizeni jambo ambalo watu hawaulizi: nani anamiliki taa hizi na nani analipia umeme wake? Mara nyingine barabara ni ya mamlaka moja, nguzo ni za shirika la umeme, na bili ni ya halmashauri, hivyo kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Mkishajua ni ya nani, barua iende kwake ikiwa na jedwali la nguzo, na nakala kwa wengine wote.

Ombeni pia mtu mwenye jina ndani ya ofisi na siku ya kurudi. Msitoke bila tarehe.

Na msidai zote kwa mpigo. Dai zile 3 au 4 za pale jirani alipovamiwa. Zikiwaka hizo, mtaona nani anarudi kikaoni.

Mwana_Mageuzi

Kuhusu mtia nia mimi nitakwenda kinyume na wengi. Taa ni siasa. Bajeti ya halmashauri inapitishwa na madiwani, haipitishwi na barua zetu. Ukimkataa mwanasiasa kwa sababu ni mwanasiasa, unabaki na usafi wako na giza lako. Mimi nimewahi kujitolea kwenye kampeni ya udiwani, nyumba kwa nyumba miezi mitatu, na yule tuliyemsaidia alitutimizia mawili kati ya matatu tuliyokubaliana. Mtumieni, ila muandikiane.

Bi_Mtunza_Orodha

@Mwana_Mageuzi nakubaliana nawe kwamba taa ni siasa. Siafiki kwenye daftari, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu limetupata.

Tulimpa mgombea namba za wanachama wetu. Siku ya pili watu wakaanza kupokea ujumbe wa kampeni, asubuhi na usiku, hata aliyekuwa wa chama kingine. Mama mmoja alinipigia akaniuliza, "Nilikupa namba yangu kwa ajili ya maji, umeipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Hakurudi, na aliondoka na watu wa nyumba nne. Mgombea alishindwa uchaguzi, sisi tukapoteza umoja.

Dada, ulikosa maneno, mimi nakupa haya: watu 43 walikuamini kwa jambo la taa. Namba zile ni zao, si zako wala si za kamati. Anayetaka kumsikia mtia nia ataandika namba yake mwenyewe kwenye karatasi ya mtia nia. Hilo ni jibu la heshima na halimfungii mlango.

Kisha waiteni wote wanaotaka nafasi hiyo, siku moja, mkao mmoja. Kila mmoja aulizwe swali lilelile: nguzo hizi, kwa bajeti ipi, ndani ya muda gani? Muda sawa kwa kila mtu, majibu yaandikwe mbele yao na yasomwe kwa sauti kabla hawajaondoka. Fulana hapana. Mtu akishavaa fulana ya mmoja, jirani wa upande wa pili hatamfungulia tena mlango, na taa zinamhusu huyo jirani pia.

Mwanachama anayetaka kumpigia kampeni kwa jina lake mwenyewe ana haki yote. Umoja ndio usivae rangi.

Mwana_Mageuzi

@Bi_Mtunza_Orodha kwenye orodha umenishinda, nakiri. Kwenye kuwaita wote bado nina wasiwasi: anayejua atashinda haji, mnabaki na wasioweza kuwasaidia.

Bi_Mtunza_Orodha

Hilo hutokea kweli. Asipokuja, kiti chake kibaki wazi na swali lisomwe vilevile. Watu wataona.

Msomaji wa Zamani

Niongeze kidogo kwa wanaopenda historia. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipoanzishwa mwaka 1954 wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake, hakusubiri waje ofisini. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, mahali ambapo walikuwa tayari wanakutana, wanajuana, wana viongozi wao. Kiongozi mmoja wa ngoma akikubali, kikundi kinamfuata.

Na huko Montgomery, Marekani, watu husimulia kana kwamba mgomo wa watu weusi kutopanda mabasi yenye ubaguzi ulizuka siku aliyokamatwa Rosa Parks kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, 1 Desemba 1955. Wanawake wa pale walikuwa na chama chao tangu 1946, na kiongozi wake, Jo Ann Robinson, alishamwandikia meya Mei 1954 akimtahadharisha kwamba watu wanazungumzia kugoma. Ndiyo maana aliweza kuchapisha makumi ya maelfu ya vikaratasi usiku mmoja. Mgomo ulidumu siku 381, na ulidumu kwa sababu watu walikuwa na kazi za kufanya: wa kuendesha magari, wa kupanga vituo vya kuchukulia abiria, wa kukusanya michango.

Dada, mtaani kwako watu wanakutana wapi tayari? Ibada, wazazi wa shule, timu ya mpira, kikundi cha kuweka akiba? Nenda hapo. Kikao chako kisiwe mahali pa kumi wanapotakiwa kufika kwa wiki.

Subira_njema

Na watoto jamani. Kikao cha saa 1 usiku ni kikao cha wasio na wadogo wa kulaza.

Taa_ya_Njia (mleta uzi)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimerudi baada ya wiki tatu kuwaeleza nilichofanya.

Nilitembelea nyumba 11, nyingine peke yangu, nyingine na mwenzangu. Wawili sikuwakuta. Mmoja alisema wazi hana muda, nikamshukuru. Lakini mzee mmoja, wa tatu kwenye daftari langu, aliniangalia akasema: "Niliandika jina langu, hamkuniuliza kitu tangu siku ile." Nilikaa kwake karibu saa nzima. Kumbe ni fundi umeme mstaafu. Daftari lile nimelishika mwaka mzima, sikuwa najua.

Kijana mwingine alisema aliacha kuja kwa sababu kila kikao alisikiliza watu walewale watatu wakiongea, na mimi ni mmoja wao. Iliniuma, ila ni kweli. Kikao kijacho ataendesha yeye, na tumekihamishia Jumamosi saa 10 jioni, kwenye uwanja wa shule ambako wazazi wapo tayari.

Mtia nia nilimjibu kwa maneno ya Bi_Mtunza_Orodha, karibu neno kwa neno. Hakufurahi. Nimewaandikia barua watia nia wote wanne, wawili wamekubali kuja, yeye bado hajajibu. Mmoja wa wale wenzangu wawili amenuna, nitamfuata nyumbani kesho.

Jumatano usiku tulitoka watu 9 kuhesabu nguzo. Nguzo 31: zinazowaka 4, zilizoungua 19, zisizo na taa kabisa 6, na 2 zenye waya uliokatika. Mzee fundi alitembea nasi njia nzima na tochi yake, kila nguzo anasimama, anainua uso, anatuambia tuandike nini. @Fundi_Nguzo, namba za nguzo 5 zimefutika. Tunapima kwa hatua kutoka upande gani, wa kituo au wa mtaani?

Fundi_Nguzo

Wa kituo. Na andikeni hatua ni za nani, ziwe za mtu mmoja njia yote. Mpeni huyo mzee.